Kisima cha chumvi, paa la bati na tangi la kupitisha kaskazi

SWALI: Sisi ni watu sita, tunaishi Majengo, kisiwani Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili yenye paa la mabati la mita 10 kwa 6. Uani kuna kisima cha kuchimbwa kwa mikono. Maji yake ni ya chumvi, na choo cha shimo kiko hatua kama 15 tu. Mfereji hutoka siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua kwa mkokoteni. Wifi yangu aliyeolewa Ngazidja, kisiwa cha Komoro, anasema kwao nyumba nyingi zina birika la mvua, na kwa hesabu za dunia wanahesabiwa kuwa na "maji ya msingi". Je, sisi tunayo? Na kipi kitatufaa: kuchimba kisima zaidi, au kujenga birika kama lao? — Mama wa watoto wanne

JIBU: Mama, tuanze na hilo neno "maji ya msingi", maana limewachanganya wengi. Ni kipimo cha WHO na UNICEF, nacho kinauliza mambo mawili tu: maji yanatoka wapi, na kuyafuata kunakula muda gani. Chanzo kiwe cha kulindwa: mfereji, kisima kilichojengewa na kufunikwa, chemchemi iliyojengewa, maji ya mvua, na tangu 2017 hata maji ya chupa, ya lori au ya mkokoteni. Kisha kwenda, kupanga foleni na kurudi visizidi dakika 30. Zikizidi, unashushwa daraja. Kama maji yana vijidudu, au kama mtoto atayatema kwa chumvi, kipimo hicho hakiulizi. Hayo ni ya daraja la juu yake, ambalo linataka maji yawe nyumbani, yapatikane saa unayoyahitaji, na yasiwe na kinyesi wala kemikali za kudhuru.

Kwa hiyo ndiyo, mnayo. Kisima chenu kikiwa na ukingo na mfuniko kinahesabiwa, na mkokoteni pia unahesabiwa. Wifi yako naye anayo. Lakini mkihesabiwa nyote wawili, hakuna aliyeambiwa kilichomo ndani ya kikombe.

Wifi yako amekaa kisiwa kinachofanana na chenu kuliko mnavyodhani. Ngazidja ni mlima wa volkeno, na mwamba wake unameza mvua hata hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Visima vya kando ya bahari vina chumvi, ndipo watu wakajenga mabirika. Mombasa mwamba ni wa tumbawe, umejaa vitundu, na mto hakuna vilevile. Maji yote ya mfereji mnayoyapata kisiwani yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Marere kwenye vilima vya Shimba, visima vya Tiwi, na Baricho kando ya mto Sabaki. Hata Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ndani yake mna birika la kukingia mvua na mna kisima, na maji ya kisima hicho yalikuwa ya chumvi.

Sasa kisima chenu. Maji matamu chini ya kisiwa hayakai kama maji ndani ya sufuria. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya tumbawe, kwa kuwa ni mepesi kidogo: lita ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, ya bahari kama kilo 1.025. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, wataalamu wana hesabu ya kukadiria: kila mita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Igeuze hesabu hiyo uone hatari yake. Pampu ikishusha maji ya kisima sentimita 10 tu na kuyaweka hapo, chumvi huko chini inaelekea kupanda mita 4. Ndiyo maana kuchimba zaidi kwenye kisiwa ni kuifuata chumvi nyumbani kwake. Fundi atakayekuahidi maji matamu "tukishuka futi ishirini nyingine" anauza futi, hauzi maji.

Na chumvi haihitaji kuwa nyingi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvichumvi kwa lita. Yakiingia asilimia 2 tu kwenye kisima, yanaleta miligramu 700 kwa lita. Watu wengi huona maji yana ladha nzuri yakiwa chini ya miligramu 600 za madini yaliyoyeyuka kwa lita, na kuanzia 1,000 kwenda juu huanza kuyakataa.

Kabla hujakikatia tamaa kisima, kipime. Kuna kipimo kidogo mfano wa kalamu, kinasoma madini yaliyoyeyuka kwa miligramu kwa lita, na maduka ya vifaa vya maji huwa nacho. Pima mara mbili ndani ya mwezi, siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na siku ya maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, na kila mara wakati wa maji kujaa na wakati wa kupwa. Maji ya juu yachote kwa ndoo. Ya chini yachote kwa chupa ndogo iliyofungwa jiwe, kizibo chake kikiwa na uzi wa pili: ishushe mpaka igonge chini, vuta uzi kizibo kitoke, subiri mapovu yaishe, ndipo uipandishe. Ukikuta juu ni 900 na chini ni 3,000, na ya juu yanapanda baada ya pampu kufanya kazi, basi mnavuta kupita kiasi. Hapo dawa ipo: bomba la kunyonyea lisilale chini, lining'inie kwenye boya sentimita 30 hadi 50 chini ya uso wa maji, na mvute kidogo kidogo, dakika kumi asubuhi na kumi jioni badala ya saa nzima kwa mkupuo. Ukikuta juu na chini ni sawasawa, tena juu sana, safu ya maji matamu hapo kwenu haipo tena, na hakuna ufundi wa kuirudisha ndani ya ua mmoja.

Ila kuna chumvi nyingine isiyotoka baharini. Mkojo una chumvi, na choo chenu kiko kama mita 12. Ile kanuni ya kukaa mita 30 kati ya choo na kisima ina maana pale ambapo udongo unachuja. Tumbawe halichuji. Maji yanapita kwenye nyufa na mashimo kama yanavyopita kwenye bomba, na uchafu unafika kisimani na uhai wake wote. Kipimo cha kuulizia maabara ni naitreti, pamoja na vijidudu vya kinyesi. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, maji hayo yasitumike kabisa kutengenezea maziwa ya kopo ya mtoto wa chini ya miezi sita, maana yanaifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Wala usiyachemshe ukadhani umeyasafisha: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini naitreti na chumvi vinabaki, tena vinakolea kwa sababu maji yamepungua kwa mvuke.

Kwa hali mliyo nayo, ningekiacha kisima kifanye kazi za kufua, kuoga, kupiga deki na chooni. Povu la sabuni litakuwa haba kwa sababu ya chokaa ya tumbawe, lakini kazi inafanyika. Mkitaka kukisafisha baada ya mafuriko au kitu kuangukia ndani, dozi ni miligramu 50 za klorini kwa lita. Kisima cha upana wa mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 3 kina kama lita 3,400, ambazo zinahitaji gramu 260 za unga wa klorini wa asilimia 65. Ukorogee kwenye ndoo ya plastiki, umimine ukizungusha, acha usiku mzima, kisha chota na kumwaga mpaka harufu iishe. Lakini kwa choo kilicho mita 12, hiyo ni kupiga deki huku paa linavuja. Haitadumu.

Mtu atakuuzia mashine ya kuchuja chumvi. Inafanya kazi kweli, lakini zile ndogo za nyumbani humwaga lita mbili au tatu au zaidi kwa kila lita moja zinayokupa, zinataka umeme na shinikizo la maji, na chokaa ya kisima cha tumbawe huziba utando wake mapema. Kwa mji mzima ni habari nyingine, nayo ina mitego yake. Malé, mji mkuu wa Maldivi, unaishi kwa maji ya bahari yaliyosafishwa. Desemba 2014 moto uliharibu mtambo wake, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa maji ya mfereji hadi ndege na meli zikaanza kuleta maji kutoka nje.

Kinachobaki ni paa lako, na paa lako ni tajiri kuliko unavyodhani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, ukitoa moja ya tano kwa yanayorukia nje na kukauka juu ya bati, linakupa lita 48 kwa kila milimita. Mombasa hupata takriban milimita 1,050 kwa mwaka, kwa hiyo ni kama lita 50,000. Nyinyi sita, kwa kunywa na kupika tu, mkitumia lita 10 kila mtu, mnahitaji lita 60 kwa siku, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Kwa mwaka ni lita 21,900. Zinatosha na kubaki.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanapiga hesabu ya mwaka na kusahau mwaka haunywi maji, siku ndiyo inayokunywa. Funafuti, kisiwa kikuu cha Tuvalu katika Pasifiki, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya Mombasa, na watu wake hutegemea mvua. Hata hivyo 2011 nchi ilitangaza hali ya dharura kwa kukosa maji, kwa kuwa miezi ilipita bila mvua ya maana na matangi yakakauka. Ilikuwa ni athari ya La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Pasifiki kunakovuruga mvua. Sisi huku hali hiyohiyo hutupunguzia vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo za kujazia tangi kabla ya kaskazi.

Kwa hiyo pima tangi kwa kaskazi mbaya. Kwa kawaida Januari huwa na milimita 30 na kitu, Februari kumi na kitu, Machi hamsini na kitu. Mwaka wa kawaida tangi dogo lingetosha. Mwaka mbaya chukulia miezi hiyo mitatu haina kitu: siku 90 mara lita 60 ni lita 5,400. Tangi la lita 5,000 likiwa limejaa mwisho wa Desemba linakuvusha mpaka wiki ya mwisho ya Machi, na zile siku chache zilizobaki mfereji wako wa mara mbili kwa wiki utazifidia. Tangi la 10,000 halitakuumiza isipokuwa mfukoni. La 1,000, ambalo ndilo watu wengi hununua, linaisha kwa siku 17.

Hesabu hiyo inataka maji ya pande zote mbili za paa. Nyumba za Kiswahili humwaga upande mmoja uani na mwingine barazani, na fundi akiachiwa atakuwekea gata la uani tu. Ukikinga upande mmoja unapata lita 25,000 kwa mwaka, juu kidogo tu ya mahitaji, na tangi halitajaa kwa wakati. Gata la barazani lizungushwe ubavuni mwa nyumba. Kama ukuta mmegawana na jirani, weka matangi mawili ya 2,500, moja kila upande. Gata liwe na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, na vishikio visizidi sentimita 60 kutoka kimoja hadi kingine. Gata likibonyea katikati, maji yanatuama, na majani yanaoza humo.

Kabla ya kununua tangi, chukua futi kamba upime kutoka ardhini mpaka chini ya gata. Tangi la 5,000 lina kimo cha kama mita 2, na msingi unataka nusu mita ili mtungi wa lita 20 uingie chini ya bomba. Upenu wa uani wa nyumba nyingi za Majengo uko chini ya hapo, na tangi likishaletwa ndipo watu hugundua mdomo wake umelipita gata. Ukipungukiwa, chagua matangi mafupi mawili, au shusha msingi na uchimbe kijishimo cha kuwekea mtungi chini ya bomba. Msingi wenyewe usifanyiwe mzaha. Lita 5,000 ni tani tano. Shindilia mawe, mimina zege ya sentimita 12 hadi 15, ipite upana wa tangi kwa sentimita 15 kila upande, na iachwe wiki nzima ikinyweshewa kabla ya kubebeshwa.

Tangi liwe jeusi au la rangi isiyopitisha mwanga, ukungu wa kijani usiote. Bomba la kuchotea liwe sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tangi, chini yake libaki tope. Mahali maji yanapoingia na yanapofurikia pawe na wavu wa matundu yasiyozidi milimita moja, wa plastiki au chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa waya wa kawaida unaliwa haraka na upepo wa bahari. Wavu huo si urembo. Mbu anayeeneza dengi na chikungunya hupenda maji safi yaliyotulia, na Mombasa imepata milipuko ya magonjwa yote mawili. Ukiona viluwiluwi ndani, kuna tundu mahali.

Kazi kubwa zaidi, na ndiyo inayorukwa, ni kumwaga maji ya kwanza. Juu ya bati lako kuna vumbi, chumvi ya upepo, na zaidi ya yote kinyesi cha kunguru. Kule Ngazidja, volkeno yao ya Karthala ilipolipuka Novemba 2005, majivu yaliharibu maji ya mabirika mengi kwa njia hiyohiyo: kilichoanguka juu ya paa kilishukia birikani. Kunguru wa Mombasa ni volkeno isiyolala. Mwaga angalau nusu lita hadi lita moja kwa kila mita ya mraba, na mvua ya kwanza baada ya kaskazi mwaga mara mbili yake. Upande mmoja wa paa lako una mita 30, kwa hiyo unataka lita 30. Bomba la plastiki la inchi 6 hubeba kama lita 18 kwa kila mita ya urefu. Lisimamishe ukutani la urefu wa mita 1.7, liungwe kwa tawi kabla ya tangi. Maji ya kwanza yanashukia humo, likijaa ndipo yanayofuata yanapita kwenda tangini. Mwishoni weka kizibo cha kufungua kwa mkono chenye kitundu cha milimita 3, ili bomba lijimwage lenyewe polepole na kuwa tayari kwa mvua nyingine. Kitundu hicho huziba. Kikiziba, bomba linabaki limejaa uchafu wa juzi, na mvua ya leo inaingia tangini moja kwa moja. Mtoto mmoja apewe kazi ya kukichokoa kwa kijiti kila Ijumaa.

Hata baada ya hayo yote, maji ya kunywa yatie dawa. Si lazima kutia tangi zima kila wakati. Tia kwenye mtungi unaochotea. Chupa ya klorini ya maji ya asilimia 1.2 ni mililita 3 kwa lita 20. Jiki isiyo na manukato wala rangi, yenye asilimia 3.5, ni mililita 1.2, ambayo ni kama matone 24. Tumia bomba la sindano kutoka duka la dawa, bila ile ncha yake, maana kifuniko cha chupa hakipimi kiasi kidogo hivyo. Subiri dakika 30. Maji yakiwa na vumbi yachuje kwanza kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, kwani uchafu unakula klorini kabla haijawafikia vijidudu. Ikiwa tangi lenyewe limechafuka, lita 5,000 zinataka gramu 15 za unga wa asilimia 65. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya unga, na usiuchanganye na sabuni ya chooni. Vile vidonge vikubwa vya dimbwi la kuogelea vinavyoyeyuka polepole viache hukohuko dimbwini.

Maji ya mkokoteni nayo yatiwe dawa kwa kipimo hichohicho, hata mchuuzi akiapa ni ya mfereji. Ya mfereji kweli, siku yakifunguliwa, yaache yamwagike dakika tano kwenye ndoo ya deki. Bomba likikaa tupu siku nne linanyonya majimaji ya ardhini kupitia viungo vyake vinavyovuja, na hayo ndiyo yanayotangulia kutoka. Yakishakuwa meupe unaweza kuyaongeza kwenye tangi la mvua bila wasiwasi. Ya kisima usiyatie humo hata ndoo moja, hata tangi likikaribia kuisha, kwani ndoo chache tu zitaharibu ladha ya kilichobaki na zitaingiza kile ulichokuwa unakikimbia.

Ndani ya nyumba, kama mnapenda maji ya mtungi wa udongo kwa ubaridi wake, endeleeni, lakini kata ya kifuu inayoingia na vidole ndiyo inayorudisha uchafu uliokwisha kuuua. Mwombe mfinyanzi akutobolee tundu la bomba pembeni kabla hajauchoma. Mtungi ukishachomwa, ukiutoboa ni rahisi kuupasua.